Siku Belise Alipozitetea Nyota Zake

Tangu Pasaka, Belise hakupita tena barabara ya chini iendayo Petite Barrière, kwenye mpaka wa Kongo. Akitoka sokoni alipanda kwanza mpaka kanisani, akazunguka nyuma ya shule, ndipo akateremka kwao, mzunguko wa kumtoa jasho bure. Yote hayo ni kwa ajili ya kukwepa atelye ya mafundi cherehani wa akina Harerimana. Humo ndani alikuwamo Hakimu. Na Belise alijijua. Angemwona Hakimu ameinamia kitambaa, kichwa kimelala upande kidogo kama anayenong'onezwa siri, ile ahadi aliyompa mama yake, kwamba hatamwona tena, isingefika jioni.

Siku ya Pasaka yenyewe Hakimu alikuwa amekuja kuwapa mkono wa sikukuu, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, mkononi ana sahani ya visheti vilivyopikwa na dada yake. Mukankusi, mama yake Belise, hakumkaribisha ndani. Alimsimamisha mlangoni, majirani wakisikia.

"Hakimu, we uko kijana muzuri, sina mubaya na we," alimwambia. "Lakini mutoto wangu amelelewa na masista wa Nyundo tangu baba yake afe. Walimupa kitanda, walimupa masomo, walimupa kila kitu. Leo mi nitaenda kuwaambia nini? Kama nimemupeleka kwa Waislamu? Basi. Usirudi tena hapa."

Hakimu aliiweka sahani juu ya ukuta wa baraza, akasema, "Sikukuu njema, mama," akaondoka bila kugeuka. Jioni ile Belise alimpigia simu, akamwomba asimtafute mpaka yeye mwenyewe atakapomtafuta.

Hakimu alijibu, "Sawa, Belise. Nitangoja."

Na kweli akangoja. Hakupiga simu, hakutuma salamu kwa mtu, hakupita mtaani kwao hata kwa bahati mbaya. Utii ule ulimuumiza Belise kuliko kama angekuja kugombana.

Kilichomshika asianguke ni kazi. Alikuwa anamalizia shahada ya udaktari wa falsafa katika elimu ya nyota, ya chuo kikuu cha ng'ambo, lakini mama yake alipougua aliomba ruhusa akarudi Gisenyi, akaendelea na kazi juu ya meza ya kulia chakula. Hakuwa mtu wa kukesha mlimani na darubini. Nyota zake zilimfikia zikiwa namba tu, vipimo vya mwanga vilivyochukuliwa na darubini iliyorushwa angani. Nyota ina madoa meusi usoni. Inapojizungusha, doa linakuja mbele na kwenda nyuma, na mwanga unafifia kidogo kisha unarudi. Belise alizisoma zile fifia-rudi, akajua nyota hii inajizungusha kwa siku ngapi. Alichagua nyota za kwenye vishada, kama Kilimia, kwa sababu zimezaliwa pamoja na umri wao unajulikana. Kisha akalinganisha vishada vichanga na vikongwe, maelfu ya nyota, akitafuta kwa takwimu jinsi mwendo unavyobadilika na umri.

Siku moja mama yake alimuuliza huku akimenya viazi.

"Donc nyota nazo zinazeeka?"

"Zinazeeka, mama. Zikiwa changa, kila moja inajizungusha kivyake. Moja mbio kama pia ya watoto, nyingine taratibu. Zikikua zote zinapunguza, na zile za umri mmoja zinaishia kukaribiana mwendo."

"Yoo! Na we njo unazipima huku Gisenyi, kwa meza yangu." Mukankusi alicheka, akasogeza bakuli la viazi ili karatasi zisilowe. Alimpenda binti yake kwa namna hiyo, kwa kumsogezea vitu. Belise alijua, na ndiyo maana hakuweza kumvunjia neno.

Ikafika siku ya kuitetea tasnifu. Wachunguzi wangemsikiliza kupitia kompyuta, kila mmoja akiwa nchi yake. Asubuhi mvua ikanyesha kwa hasira, radi ikapiga mahali fulani kuelekea ziwani, na mtaa mzima ukakosa umeme. Fundi aliyepita na pikipiki akasema transfoma imeungua, wasitegemee kitu mpaka kesho. Betri ya kompyuta ya Belise ilikuwa imechoka siku nyingi. Haikuweza kusimama peke yake hata muda wa kupika chai. Alipiga simu hoteli ya kwanza, ikawa na harusi na spika zimefunguliwa mpaka mwisho. Ya pili, intaneti ilikuwa imekufa kwa radi ile ile.

Belise alikaa kitako kwenye kochi, mikono juu ya kichwa.

"Nitawaandikia waahirishe," alisema. "Watatafuta siku nyingine. Labda mwakani."

"Mwaka kesho?" Mukankusi alisimama katikati ya sebule. Alimtazama binti yake muda mrefu, akatazama dirisha, akamtazama tena. "Kwa Hakimu iko umeme?"

Belise alidhani amesikia vibaya. "Mama?"

"Nauliza, iko ao haiko?"

"Wana betri za jua. Za ile mashine ya kutarizi. Lakini mama, wewe mwenyewe ulisema..."

"Mi najua nilisema nini. Vaa viatu."

"Siwezi kwenda. Nilimwambia asinitafute. Leo niende kwa sababu nina shida?"

"Bon. Basi mi njo nitaenda, na we utanifuata na kompyuta yako." Na Mukankusi akajifunga kitenge kichwani, akatoka kwenye mvua, akasimamisha pikipiki mbili kwa mkono mmoja.

Walipoingia atelye, maji yakiwachuruzika, mafundi wote walinyanyua vichwa. Mzee Harerimana, baba yake Hakimu, alikuwa ameketi mahali pake karibu na mlango, kofia ya viua kichwani, miwani puani. Yeye naye hakuwa akilitaka jambo hili la Hakimu na Belise. Alikuwa na mpwa wa rafiki yake, binti wa Kiislamu aliyetulia, na alikuwa amekwisha kulitaja jina la msichana huyo mara kadhaa mbele ya Hakimu wakati wa chakula. Alipowaona wanawake wale wawili aliitikia salamu yao kwa sauti ndogo, akangoja waseme.

Hakimu alikuwa kule nyuma, kwenye mashine ya kutarizi, akiweka nembo kwenye sare za shule. Aligeuka. Macho yao yakakutana, na kwa kitambo Belise akasahau kwamba amelowa, kwamba ana kompyuta kifuani kama mtoto mchanga, kwamba wachunguzi watatu wanakaribia kuketi. Hakimu alikuwa amekonda. Uso wake haukuwa na lawama hata kidogo, na hilo ndilo lililomfanya Belise atake kulia.

"Umenitafuta," Hakimu alisema.

"Nimekutafuta vibaya, Hakimu. Nimekuja kwa shida."

"Umekuja. Nini kimetokea?"

Belise alimweleza kwa maneno machache. Hakimu hakuuliza la pili. Alizima mashine ya kutarizi, uzi ukiwa bado kwenye sindano.

"Hakimu," Mzee Harerimana aliita. "Wenye sare wanakuja baada ya alasiri."

"Najua, baba. Lakini betri haiwezi kubeba mashine na kompyuta pamoja. Nitawaomba radhi wenye sare mimi mwenyewe."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akairudisha. Alimtazama Belise. "Mtihani huo ni wa nini, binti?"

"Ni wa mwisho, baba. Wa kazi niliyoifanya miaka yote hii. Kuhusu nyota."

"Nyota," alisema mzee, kana kwamba analipima neno lenyewe uzito wake. Kisha akageukia mafundi. "Zimeni mashine zote. Na za miguu pia. Asisikike mtu kukohoa."

Ilibaki mvua. Bati la atelye lilikuwa likipigwa kiasi kwamba watu walisikizana kwa kupaza sauti. Hakimu alifunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, akatundika majora ya vitambaa, mazito kwanza, halafu vitenge, halafu blanketi la kupigia pasi, mpaka pembe ya chumba ikawa hema dogo. Alimkalisha Belise ndani yake, akamsogezea kiti na meza ya kukatia. Sauti ya mvua ikarudi nyuma.

Bado intaneti. Mahali pale karibu na mpaka, simu za watu zilikuwa na tabia ya kurukia mtandao wa Kongo bila kuombwa, na ule wa hapa ulikamata vizuri sehemu moja tu, nje ya nondo za dirisha linalotazama barabara. Hakimu aliiunganisha simu yake na kompyuta, akaifungia kwenye kipande cha kitambaa cha koti la mvua, akapitisha mkono kati ya nondo, akaishika hapo nje.

"Inakamata?" aliuliza.

"Inakamata," Belise alijibu kutoka ndani ya hema lake.

"Basi anza. Mimi niko hapa."

Wachunguzi walitokea kwenye kioo: mama mmoja mwenye miwani mikubwa aliyeongoza kikao, kijana mwenye ndevu nyekundu, na mzee wa nywele nyeupe ambaye Belise alikuwa akiyasoma maandishi yake tangu mwaka wa kwanza. Alionyesha michoro yake, vishada vichanga ambavyo nyota zake zimetawanyika ovyo, kisha vikongwe ambavyo nyota zimejipanga karibu kwenye mstari mmoja. Walimuuliza maswali, akajibu. Wengine atelyeni hawakukijua Kiingereza cha namna ile, ila walielewa sauti. Swali gumu likija walitazamana. Belise akijibu vizuri walishusha pumzi.

Mukankusi alikuwa amepewa kiti kando ya Mzee Harerimana. Hawakuwa wamewahi kukaa karibu hivyo. Kutoka pale hakuona uso wa binti yake. Alichokiona ni mgongo wa Hakimu na ule mkono uliotoka dirishani. Mvua ilikuwa ikiupiga mkono moja kwa moja, mkono wa shati umenata ngozini, maji yakishuka hadi kiwikoni na kuingia kwapani. Nziza, fundi wa kike, alinyanyuka kimyakimya kwenda kumpokea. Hakimu akatikisa kichwa kwamba wakibadilishana mtandao utakatika. Mara moja tu aliegemeza paji la uso kwenye ukuta, akafumba macho. Mkono haukushuka.

Mukankusi alitazama yale mpaka hakuweza kutazama tena. Alishusha macho kwenye mapaja yake, na Mzee Harerimana akamwona akijifuta uso kwa kitenge. Mzee akatoa leso mfukoni, akampa.

Mwishoni yule mzee wa nywele nyeupe aliuliza jambo, na Belise akanyamaza. Kimya kikawa kirefu. Hakimu akageuza kichwa haraka, akidhani simu imekata. Haikuwa imekata. Belise alikuwa akifikiri. Kisha akaanza kusema, pole pole, halafu kwa nguvu, na yule mzee ng'ambo ya pili akaanza kutikisa kichwa juu chini, akitabasamu.

Wakamwomba asubiri kidogo. Waliporudi, mama mwenye miwani mikubwa alisema maneno machache, na la kwanza kati yake lilikuwa moja ambalo kila mtu mle atelyeni alilielewa.

"Daktari Belise."

Hema likaanguka. Haikujulikana nani aliikata kamba. Nziza alipiga vigelegele, mafundi wakagonga mikasi mezani, Mukankusi akamkumbatia binti yake wakiwa wamefunikwa na vitenge vya watu, akilia na kucheka na kuita, "Mana yanjye! Mungu wangu! Mutoto wa Gasana! Baba yako angeona!"

Belise alijitoa taratibu mikononi mwa mama yake, akaenda dirishani. Hakimu alikuwa anajaribu kukunjua vidole.

"Nipe mkono," Belise alisema.

"Uko baridi."

"Nipe hivyo hivyo."

Aliushika katikati ya viganja vyake viwili, akausugua. Ulikuwa mweupe kwa maji, umekunjamana. Wote wawili waliutazama kwa sababu kutazamana kulikuwa kugumu.

"Nisamehe kwa kimya changu," Belise alinong'ona. "Sikuwa nimekusahau hata siku moja."

"Nilijua. Kila siku ya soko nilikuona ukipanda kule kanisani na mzigo." Hakimu alicheka kidogo. "Nikasema, huyu ananipenda bado, la sivyo asingejichosha hivyo."

Belise alicheka machozi yakimtoka. "Sijui nikushukuru vipi."

"Niambie yule mzee aliuliza nini, mpaka ukanyamaza. Moyo wangu ulisimama."

"Aliuliza juu ya nyota chache zilizonisumbua. Ziko kwenye vishada vikongwe, zingetakiwa ziwe zimepunguza mwendo kama wenzao, lakini bado zinakwenda mbio. Alitaka kujua kama nimezitupa nje ili hesabu ipendeze. Sikuzitupa. Nilizihesabu kama kundi la pili. Nyingi ni nyota mbili mbili, zimekaa karibu sana, kila moja inamshikilia mwenzake asipunguze."

Hakimu alifikiri. "Kwa hiyo zikiwa mbili hazizeeki?"

"Zinazeeka. Mwendo tu ndio hauziishii."

Vidole vya Hakimu vilivyoanza kupata joto vikafunga juu ya vya Belise.

Nyuma yao Mukankusi alikuwa ameshapiga simu kwa masista wa Nyundo. Hakuwa mtu wa kuongea na simu sikioni. Aliiweka spika, akaishika mbele ya mdomo kama kikombe.

"Sista Mukashyaka! Amepita! Iko docteur!"

Sauti ya sista mzee ikajaa chumba, ikishukuru, ikimtaja Bikira Maria, ikicheka. Kisha ikauliza, "Na hizo kelele ni za wapi? Mko hotelini?"

Mukankusi alisita. Angeweza kusema chochote.

"Hapana, Sista. Niko hapa kwa mafundi. Kwa akina Hakimu."

"Yule Hakimu wa Belise?"

Mukankusi aliisogeza simu karibu zaidi. "We unamujua?"

"Belise aliniambia zamani sana. Nimekaa nangoja wewe uniambie."

"Sista, mi niliogopa. Nilisema mutawaza kama sina shukrani. Kama mulimulea bure."

"Mukankusi," sista alisema, na sauti yake ikashuka. "Ningependa aolewe kanisani, sitakudanganya. Nitaendelea kumwombea. Lakini hatukumlea ili awe deni letu. Huyo kijana ni mtu wa namna gani?"

Mukankusi alimtazama Hakimu aliyesimama dirishani, shati limelowa upande mmoja, upande wa pili mkavu. Alijibu akiwa bado anamtazama.

"Iko mutu ya kushukuru Mungu, Sista. Nimemuona leo na macho yangu."

Alipokata simu alikwenda mpaka mbele ya Hakimu. Alikuwa mwanamke mfupi. Ilibidi anyanyue kidevu.

"Siku ya Pasaka nilikusimamisha kwa mulango. Unisamehe, mwana wangu. Na leo aksanti. Aksanti sana, sana."

"Mama, hakuna neno," Hakimu alisema, akainama kumpa mkono kwa mikono yote miwili.

Wote wakageuka kumtazama Mzee Harerimana. Hakuwa ameondoka kitini. Alionekana mchovu, akichezea ncha ya kanzu yake.

"Mimi nilitaka mkwe wa dini yangu," alisema. "Sitaki kuficha, hata leo. Nina kaka zangu wa kuongea nao, na watanikalia juu. Msikiti nao utanena." Alivuta pumzi. "Lakini hapa mtaani watu wameoana serikalini, kila mtu na dini yake, na nimewashonea nguo, nikala pilau yao, sikufa. Binti, wewe utanisalimia asubuhi?"

"Kila asubuhi, baba," Belise alisema. "Na leo nakushukuru kwa kuzima mashine zako."

"Hilo la mashine tuache. Wenye sare watanila nyama."

Ndipo akatabasamu, kidogo, upande mmoja tu. Akageuka.

"Nziza, chukua futi. Mpime Mama Belise."

"Mi?" Mukankusi aliruka. "Munipime ya nini?"

"Sasa siku tukileta posa utatupokea na nguo gani? Na hicho kitenge kilicholowa? Umushanana wako, vazi la sherehe, tunashona sisi. Ya binti itafuata."

Chumba kilijaa kicheko. Belise alijificha uso begani mwa Hakimu, hadharani, bila kuomba ruhusa ya mtu, na mtu hakumkataza. Alisikia moyo wa Hakimu ukidunda chini ya shati bichi, na moyoni mwake hapakuwa na neno jingine ila asante, asante, asante.

Katikati ya atelye Mukankusi alisimama wima, mikono ameinyanyua kama aliyekamatwa, machozi yakimtiririka huku akicheka, Nziza akimzungushia futi.

"Hapa kwa kiuno usikaze," aliagiza. "Acha nafasi. Siku ile mi nataka kula."